Droni ya Kubeba Mizigo: Muda wa Kukaa Angani Haununuliwi kwa Betri Peke Yake

Mwishoni mwa mwezi Aprili 2024, katika kambi ya chini ya mlima Everest nchini Nepal, penye kimo cha mita zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari, mtambo mmoja wenye mikono minne na mapangaboi manane uliinuka kutoka ardhini ukiwa umebeba mitungi mitatu ya oksijeni pamoja na vifaa vingine vya uzito wa kilo moja na nusu. Ndani yake hapakuwa na rubani. Mtambo huo ulivuka Poromoko la Barafu la Khumbu, ukatua mzigo wake katika Kambi ya Kwanza, kwenye kimo cha mita 6,000 hivi, kisha ukateremka na takataka zilizoachwa na wapanda mlima. Safari ya namna hiyo, kwenda na kurudi, ilihesabiwa kuwa ya dakika 12.

Ili kuufahamu uzito wa tendo hilo, yapasa kwanza kukumbuka ni nani waliokuwa wakiifanya kazi hiyo siku zote. Ni Washerpa, wenyeji wa milima ile, ambao huchukua mizigo mgongoni na kutumia saa 6 mpaka 8 kulivuka poromoko hilo. Poromoko lenyewe ni mto wa barafu uliopasuka nyufa kubwa, nao haukai mahali pamoja, bali husogea kila siku. Wapagazi hupita usiku, kabla jua halijailegeza barafu, wakikanyaga ngazi za aluminiamu zilizolazwa juu ya nyufa. Tarehe 18 Aprili 2014 pande kubwa la barafu lilikatika likawaangukia. Watu 16 wa Nepal walikufa wakiwa kazini. Kwa hiyo kila kilo inayopelekwa juu kwa mtambo ni kilo ambayo haikupita pale mgongoni mwa mtu.

Droni hiyo ni ya aina ya FlyCart 30, iliyotengenezwa na kampuni ya DJI ya China. Kwa maelezo ya kiwanda, ikiwa na betri mbili yaweza kubeba kilo 30. Kule Everest ilipimwa kwa kilo 15 tu, yaani nusu. Tena hata kwenye nchi tambarare, ikiwa na mzigo kamili, haikai angani zaidi ya dakika 18. Mtu mwenye akili zake atauliza: mbona muda ni mfupi hivyo? Kwani ni vigumu kiasi gani kuongeza betri ya tatu na ya nne?

Swali hilo ndilo ambalo kila fundi anayetaka kujenga droni ya kubeba mizigo hulikuta mbele yake, naye akilijibu vibaya fedha zake zote hupotea. Jambo hili si la Nepal peke yake. Hapa Uganda, mnamo mwaka 2021, ulianzishwa mpango wa kupeleka dawa za kupunguza makali ya Ukimwi kwa droni katika visiwa vya Kalangala, na maporomoko ya udongo ya Bududa ya Oktoba 2018 yalionyesha jinsi njia zinavyoweza kukatika kwa saa moja na watu wakabaki upande wa pili wa mto bila msaada. Mtambo unaoweza kubeba kilo 10 za dawa na kukaa angani nusu saa una kazi nyingi katika nchi ya milima na maziwa.

KASIA PANA NA KIJITI

Mwanzo wa elimu hii yote ni hewa. Ndege ya kawaida huinuliwa na mbawa zake wakati inapokwenda mbele, ikisimama huanguka. Droni yenye mapangaboi hujiinua kwa kuisukuma hewa chini muda wote, na kwa hiyo hula nguvu hata inapokuwa imesimama mahali pamoja bila kufanya kazi yoyote inayoonekana kwa macho.

Sasa, zipo njia mbili za kuisukuma hewa. Ya kwanza ni kushika hewa kidogo na kuitupa chini kwa kasi kubwa. Ya pili ni kushika hewa nyingi na kuisukuma chini polepole. Zote mbili zaweza kuinua uzito ule ule, lakini gharama zake hazilingani hata kidogo. Mvuvi wa ziwani huijua tofauti hiyo bila kusoma kitabu: mwenye kasia pana husukuma mtumbwi kwa mapigo ya taratibu, ilhali aliyepewa kijiti hupiga maji mbio mpaka mikono inalegea, na mtumbwi haujafika popote. Pangaboi kubwa lizungukalo taratibu ndilo kasia pana. Kwa hesabu, ukikiongeza kipenyo cha mapangaboi mara mbili na uzito ukabaki ule ule, nguvu inayotakiwa kuuelea hewani hupungua ikawa nusu.

Upande wa uzito, mambo huenda kinyume chake. Ukiuongeza uzito mara mbili bila kubadili mapangaboi, nguvu haiongezeki mara mbili tu, bali huongezeka karibu mara tatu. Hapo ndipo penye mtego. FlyCart 30 ina uzito wa kilo 42 na nusu bila betri, na kilo 65 ikiwa na betri zake mbili. Tupu hukaa angani dakika 29. Ikiongezewa kilo 30 za mzigo hushuka hadi dakika 18. Betri hizo mbili zina nishati ya wati-saa karibu 4,000, na kuzimaliza kwa dakika 18 maana yake ni kutumia kilowati zipatazo 13. Mama wa nyumbani anayelipa bili ya umeme ataelewa upesi: ni kama kuchomeka pasi za umeme 13 kwa wakati mmoja.

WALIOTANGULIA

Wazo la kuinuka kwa mapangaboi mengi ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1907 huko Ufaransa ndugu wawili wa ukoo wa Breguet, wakisaidiwa na profesa Richet, waliunda mtambo wa mapangaboi manne ulioinuka kiasi cha nusu mita na ushei kutoka ardhini, huku watu wakiushikilia kwenye pembe zake usipinduke. Mwaka 1922 Jeshi la Marekani lilimgharimia mhandisi mzaliwa wa Urusi, George de Bothezat, aliyejenga mtambo mkubwa wenye mapangaboi manne ya mapanga sita sita huko Dayton, katika jimbo la Ohio. Tarehe 18 Desemba mwaka huo ulikaa hewani kwa muda wa dakika moja na sekunde 42. Majaribio yalipita mia moja, lakini jeshi lilichoka kugharimia likauacha. Mfaransa Étienne Oehmichen ndiye aliyefanikiwa zaidi: tarehe 4 Mei 1924 alizunguka njia ya kilomita moja na kurudi alipoanzia, kwa dakika 7 na sekunde 40.

Mitambo hiyo haikushindwa kwa sababu ya kukosa nguvu peke yake. Ilishindwa kwa sababu rubani mmoja, mwenye mikono miwili na miguu miwili, hakuweza kuyasawazisha mapangaboi manne kwa upesi uliotakiwa. Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo ya kuongozea, ambayo hupokea habari kutoka kwa jairo na vipima mwendo na kuzirekebisha mota mara mamia kwa kila sekunde. Kompyuta za namna hiyo zapatikana madukani, na programu zake, kama vile ArduPilot na PX4, hutolewa bure. Hivyo basi sehemu iliyowashinda mabingwa wa mwaka 1922 imekuwa rahisi kabisa, na iliyobaki kuwa ngumu ni ile ya uzito.

HESABU YA KILO THELATHINI

Natuchukue mfano wa fundi anayetaka kubeba kilo 10. Kiunzi, mota, mapangaboi, nyaya na kompyuta vina kilo 10. Betri ina kilo 10. Mzigo kilo 10. Jumla ni kilo 30. Ameamua kutumia mapangaboi sita yenye kipenyo cha sentimita 76 kila moja, naye atarusha mtambo wake kwenye kimo cha Entebbe, mita 1,150 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hali ya hewa ikiwa ya joto la kawaida.

Ukizipiga hesabu kwa kanuni za hewa, na kutoa hasara zinazopotea katika mapangaboi, mota na nyaya, utaona kwamba mtambo huo utahitaji wati 3,850 hivi ili kuelea. Betri nzuri ya lithiamu ya siku hizi hutoa wati-saa 180 hivi kwa kilo; kilo 10 ni wati-saa 1,800. Lakini fundi mwenye busara haimalizi betri. Huacha sehemu moja ya tano kwa ajili ya kutua na kwa ajili ya upepo usiotazamiwa. Zinazobaki ni wati-saa 1,440. Muda wa kukaa angani utakuwa dakika 22.

Fundi hakuridhika. Anataka nusu saa. Jambo la kwanza linalomjia akilini ni kuongeza betri, kwa hiyo anafunga betri ya pili ya kilo 10. Sasa mtambo una kilo 40, na nguvu ya kuuelea imepanda kufika wati 5,900. Muda umekuwa dakika 29. Amelipa betri nzima ya pili akapata dakika 7. Akifunga ya tatu anapata dakika 31. Ya nne inamwongezea chini ya dakika moja. Akifunga ya tano muda unaanza kurudi nyuma! Ukomo huo hauna shaka: betri ikishafikia uzito mara mbili ya vitu vingine vyote vilivyobaki, kila gramu inayoongezwa inapunguza muda badala ya kuuongeza. Na hesabu hii imemhurumia fundi, kwa kuwa imedhani kwamba kiunzi na mota zile zile zitastahimili uzito mpya, jambo ambalo haliwezekani.

Askari aliyewahi kutembea masafa marefu akiwa na shanta mgongoni hana haja ya kuelezwa zaidi. Chupa ya pili ya maji humsaidia kufika mbali. Lakini akipakia chupa ishirini, atayanywa maji yote kwa ajili ya kuyabeba maji yenyewe.

Sasa turudi kwenye mtambo wa kilo 30, na badala ya kuongeza betri tubadilishe mapangaboi. Tuyatoe yale ya sentimita 76, tuweke ya sentimita 102. Hayo ni mazito zaidi, na mota zake ni kubwa zaidi, na mikono haina budi kurefushwa. Tuseme jumla imeongezeka kilo moja na nusu. Betri ni ile ile moja. Muda utapanda kutoka dakika 22 hadi karibu 28. Kwa kilo moja na nusu ya mapangaboi na mikono, fundi amepata karibu kile alichokipata kwa kilo 10 za betri, na gharama yake haifanani kabisa, kwa maana betri huchakaa na kununuliwa tena, bali pangaboi likitunzwa hudumu.

Njia ya tatu ni kupunguza. Kilo 2 zikipunguzwa katika kiunzi, muda huongezeka kwa dakika 2 na nusu hivi bila kununua chochote. Ndiyo sababu mafundi wazoefu hupima kila kitu kwenye mizani, hata skrubu na vibanio vya nyaya, na kuandika daftarini. Wengine hucheka wakiona hayo, lakini kipande cha gramu 40 kikirudiwa katika mikono sita ni karibu robo kilo.

KIUNZI, MOTA NA NYAYA

Mapangaboi makubwa yana adhabu yake. Mapangaboi sita ya sentimita 102 yanahitaji mikono mirefu kuliko mita moja ili yasigongane, na mtambo ukikunjuliwa upana wake hupita mita 3. Haupiti mlangoni, wala hauingii nyuma ya gari dogo. Kwa hiyo mikono hutengenezwa ya kukunjwa, na kila bawaba ni mahali pa kulegea. Bawaba iliyolegea hutikisika, mtikisiko huo hufika kwenye jairo, kompyuta hudhani mtambo unayumba, huamuru mota zirekebishe, na mota hizo huongeza mtikisiko. Droni nyingi kubwa zilizoanguka siku ya kwanza ziliuawa na bawaba.

Mikono bora ni mabomba ya nyuzi za kaboni, mepesi na magumu. Aluminiamu yafaa kwa viungio. Chuma cha kawaida hakifai isipokuwa kwa skrubu.

Idadi ya mapangaboi nayo ina maana. Kwa ufanisi peke yake, manne makubwa yangetosha. Lakini mtambo wa mapangaboi manne likizimika moja hupinduka na kuanguka. Wenye sita, mota moja ikifa, ile iliyo mkabala nayo hulazimika kulegezwa ili mtambo usipinduke, na nne zilizobaki huubeba uzito wote. Katika mfano wetu kila pangaboi hubeba kilo 5. Baada ya ajali hiyo kila moja litabeba kilo 7 na nusu. Ndiyo sababu kanuni ya mafundi ni kwamba kila mota iweze kuinua mara mbili ya kile inachobeba kila siku. Mtambo unaoelea kwa nguvu zake zote hauna akiba ya kupambana na upepo wala ajali.

Wapo wanaoweka mapangaboi mawili kwenye mkono mmoja, moja juu na moja chini, kama ilivyo FlyCart 30. Kwa namna hiyo mtambo hubaki mdogo na bado una mota nane za usalama. Walakini pangaboi la chini hufanya kazi katika hewa ambayo tayari imekwisha sukumwa na la juu, na hivyo kuna hasara ya nguvu ambayo isingekuwapo kama yangetengana. Kiwanda kimekubali hasara hiyo kwa ajili ya usalama na wepesi wa kusafirishwa, na kwa mtambo wa kubeba vitu vya watu uamuzi huo ni wa haki.

Kuhusu umeme, kanuni ni kuongeza volti na kupunguza ampea. Wati 3,850 kwa volti 22 huhitaji ampea zaidi ya 170. Kwa volti 44 ni ampea 87 tu. Joto linalopotea katika waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo katika waya ule ule hasara hushuka ikawa robo. Hivyo nyaya zaweza kuwa nyembamba, na nyaya nyembamba ni nyepesi. Nyaya hizo nene za betri zisipitishwe karibu na dira ya mtambo, kwa kuwa mkondo mkubwa huzaa sumaku, na dira iliyodanganywa huipeleka droni isikotakiwa.

HEWA NYEPESI YA MILIMANI

Tumesema kwamba kule Everest mzigo ulikuwa nusu. Sababu ni kwamba hewa ya mita 5,300 hadi 6,000 ina uzito unaozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Pangaboi lililozoea kushika hewa nzito linashika hewa nyepesi, na halina budi kuzunguka kasi zaidi ili liinue kitu kile kile. Ukipiga hesabu ya FlyCart 30 ikiwa na kilo 15 mahali pale, utaona jambo la kustaajabisha: nguvu inayotumika ni karibu sawa na ile ya kubeba kilo 30 pwani, ila mapangaboi yanazunguka kwa kasi iliyozidi kwa kiasi cha robo hivi. Mlima umechukua nusu ya mzigo kama ushuru wake.

Ushuru huo hulipwa hapa kwetu pia, ingawa ni mdogo. Hewa ya Entebbe ni nyepesi kwa sehemu kama 11 katika 100 kuliko ile ya Mombasa siku ya joto. Ya Kabale, penye mita 2,000 hivi, ni nyepesi kwa sehemu 19 katika 100. Muda wa mtambo wa mfano wetu utapungua kwa dakika 1 tu ukitolewa Entebbe kupelekwa Kabale, na mtu aweza kudhani hilo si neno. Lakini akiba ya nguvu za mota ndiyo inayoliwa zaidi. Mota iliyonunuliwa kwa karatasi ya kiwanda, ambayo aghalabu hupimwa karibu na usawa wa bahari, haitatoa Kabale kile kilichoandikwa. Fundi wa nchi za juu hana budi kupunguza tangu mwanzo.

KUUPIMA KABLA YA KUURUSHA

Kule Everest wahandisi hawakuanza na mitungi ya oksijeni. Walianza kwa kuuelea mtambo mtupu, wakapima jinsi unavyostahimili upepo na baridi, ndipo wakaongeza uzito hatua kwa hatua. Utaratibu huo unafaa mahali popote. Kwanza mota moja na pangaboi lake hufungwa juu ya mizani, na fundi huandika imeinua gramu ngapi kwa wati ngapi. Mtambo wa mfano wetu ukitoa gramu 8 kwa kila wati umefanya vyema. Ukitoa 5, pangaboi na mota havipatani, na hakuna betri itakayoponya kasoro hiyo. Kisha mtambo mzima hufungwa ardhini kwa kamba na kuwashwa. Baada ya hapo huinuliwa kimo cha goti, ukiwa mtupu. Kisha kwa gunia la mchanga la kilo 2, la kilo 5, na mwisho la kilo 10. Mota huguswa kwa mkono kila mara mtambo unapotua na kuzimwa. Ile iliyo moto kuliko wenzake inasema kwamba mkono wake umepinda au pangaboi lake halikusawazishwa.

Mzigo unaoning'inia kwa kamba ni mtihani mwingine, kwa kuwa hupembea na kuuvuta mtambo huku na huku. Anayeanza na aufunge mzigo chini ya tumbo la droni, karibu na katikati. Tena, droni inayokwenda mbele kwa mwendo wa wastani hutumia nguvu kidogo kuliko inayoelea mahali pamoja, kwa sababu inakutana na hewa mpya muda wote. Kwa hiyo kusimama angani kungoja maelekezo ni kupoteza umeme.

Wanaohitaji saa nyingi angani wamegeukia petroli. Kilo moja ya petroli ina wati-saa zipatazo 12,000, na hata injini ndogo na jenereta vikipoteza sehemu 4 katika 5, zinazobaki zinazidi betri ya uzito huo zaidi ya mara kumi. Tena petroli hupungua uzito safarini, betri haipungui. Lakini jenereta yenyewe ina uzito, kelele na mtikisiko, nayo huhitaji fundi wa injini pamoja na fundi wa umeme. Kwa safari fupi za dakika 20 haina faida. Kwa saa 2 haina mshindani.

BETRI NYUMBANI

Kabla ya kununua chochote, yafaa kujua kwamba nchini Uganda droni haiingizwi wala hairushwi bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga na ya vyombo vya ulinzi. Mtambo wa kilo 30 unaoanguka kutoka mita 50 huua. Hata FlyCart 30 imefungwa mwavuli wa kuokoa.

Jambo la mwisho linaihusu familia nzima, kwa kuwa mafundi wengi huchajia betri majumbani. Seli ya kawaida ya lithiamu ikijaa huwa na volti 4.2, na haifai kuzidishwa hapo hata kidogo. Ikikaa bila kazi kwa siku nyingi huhifadhiwa kwenye volti 3.8, wala si ikiwa imejaa. Isichajiwe chumba cha kulala, wala usiku watu wamelala, wala juu ya zulia au kochi. Mahali pake ni sakafu ya saruji, ndani ya sanduku la chuma, mbali na mapazia, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Betri ya kilo 10 ikishika moto hutoa moshi wenye sumu, na kazi ya kwanza ni kuwatoa watoto nje. Betri iliyoanguka hutengwa nje ya nyumba na kuangaliwa kwa saa kadhaa kabla ya kuguswa tena, na ile iliyovimba hairudishwi kwenye droni hata kama bado inachukua umeme.